Yuleyule au Tofauti

Tako la Cephas Otuoma lilijaa televisheni nzima, na mbele ya televisheni hiyo walikuwa wameketi wakwe zake.

Lilikuwa tako lake mwenyewe, la kushoto, lenye jipu katikati, jekundu kama taa ya breki. Alikuwa amelipiga picha akiwa amesimama ndani ya beseni, kioo mkono huu na simu mkono ule, kwa sababu Liz wa duka la dawa kule Sindo alimwambia hawezi kuuza dawa ya kitu ambacho hajakiona. Sasa Liz alikuwa ameshaliona, dawa ilikuwa imeshafanya kazi, jipu lilikuwa limeshapasuka na kusahaulika. Picha ndiyo ilibaki. Tena kwenye televisheni kubwa hivi, tako la mtu mzima linatosha kumfanya mgeni asahau chai.

"Lo," alisema mzee Maroa, baba yake Mellen, mke wa mwanawe Cephas, aliyekuja na mkewe kutoka Kehancha kumwona mjukuu. Kisha kwa adabu kubwa akainua macho akaanza kuchunguza dari.

Mkewe hakuchunguza dari. "Hilo limeiva," alisema. "Lilikuwa la kukamuliwa."

"Songesha!" Leonida, mke wa Cephas, alipiga kelele kutoka mlango wa jikoni, sinia ya chai mikononi. "Baba Frankline, songesha hiyo aibu!"

Kwa Wajaluo mkwe ni mtu wa kunyenyekewa. Mbele yake hata kujikuna unajikuna kwa mpango. Cephas, ambaye ameendesha malori hadi Juba na Lubumbashi, ambaye amelala selo za mipakani mbili tatu na kutoka akiwa ameshawafanya askari marafiki, alihisi masikio yakiwaka moto kama ya kijana wa shule.

Kosa lilikuwa la simu mpya. Ile ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mpira wa kufungia pesa, na ukitaka isikike ilibidi uipige kofi. Mwanawe Frankline, anayejenga barabara kule Turkana, alichoka kuongea na baba kana kwamba baba yuko chini ya maji. Akamtuma Rongo kwa kijana aitwaye Tony, fundi na muuzaji, achukue simu ya maana. Tony akamwekea kava, akambandikia kioo cha kulinda skrini, akamhamishia namba, picha na kila kitu, na kwa ombi la Cephas mwenyewe akaiweka kwa Kiswahili. Barabara ilikuwa imemfundisha kwamba Kiingereza ni cha polisi na Kiswahili ni cha watu. Leo basi alitaka kuwaonyesha wakwe picha za Boke, mjukuu, tangu siku ya kwanza hospitalini. Akaiunganisha simu na televisheni kwa mbwembwe zote. Kidole kikateleza.

Akasongesha. Tako likaondoka.

Kikaja kitu kingine.

Viduara viwili, kimoja kando ya kingine, kama macho. Katika duara la kulia alikuwa Boke, amelala, midomo imechongoka. Katika duara la kushoto alikuwa mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani. Alikuwa ameubana mdomo, amebana kweli, kama mtu anayeficha kitu. Na shavu lake moja lilikuwa likiwaka... kwa ndani.

Chini yake simu iliuliza:

*Je, ni mtu yuleyule au ni tofauti?*

Na vitufe vitatu. Yuleyule. Tofauti. Sina uhakika.

Vikombe vilianza kugongana kwenye sinia ya Leonida.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza mzee Maroa, akishukuru kupata kitu cha kutazama zaidi ya dari.

Cephas alimjua. Angemjua hata gizani. Hasa gizani.

"Ni... ni tangazo tu, mzee. Simu za siku hizi zinatangaza sana." Na kwa haraka, kama dereva aliyeulizwa swali ambalo ndiyo ina faini na hapana ina faini, alichagua njia ya katikati. Alibonyeza *Sina uhakika*.

Viduara vikapotea.

Ng'ambo ya uwanja, katika nyumba ya Frankline iliyo karibu na lango, ambako Mellen alikuwa amempeleka mtoto kulala, Boke akaanza kulia.

Wakwe waliondoka jua likielekea ziwani. Wangelala Sindo kwa ndugu yao. Cephas aliwasindikiza hadi barabarani, akacheka panapostahili, akabebeshwa na mama yake Mellen ushauri kuhusu majipu. Aliporudi, mtoto alikuwa bado analia.

Leonida alimvuta jikoni kwa shati.

"Ni nani alimpiga picha yule?" alinong'ona.

"Sijui."

"Hakuna mtu alimpiga. Siku ya mazishi tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tukakosa. Hata ya kitambulisho ilikuwa imefutika. Tukaweka maua."

"Najua, Mama Frankline. Nilikuwepo."

"Sasa imetoka wapi?"

Hata Leonida hakumtaja kwa jina. Boma lote halikumtaja, tangu wamzike. Wakimaanisha yeye, walisema *yule*.

Alikuwa mke wa kwanza wa baba yake Cephas. Mama yake Cephas alikuwa wa pili. Tumbo la yule halikushika mtoto hata mmoja, na nyumba ya pili ilipokuwa ikizika watoto kwa surua, mmoja nyuma ya mwingine, watu walitafuta mchawi wakampata karibu. Mbona halii vya kutosha? Mbona usiku anakaa nje? Isitoshe alikuwa na ile tabia ya mabibi wa zamani ya kuvuta sigara moto ukiwa ndani ya mdomo. Cephas akiwa mdogo alikuwa akiliona lile shavu likiwaka na kufifia, likiwaka na kufifia, katika giza la jikoni, na mkojo ulikuwa ukimtoka wenyewe.

Lakini pia ni yeye aliyekuwa akimfichia mkia wa samaki chini ya bakuli, wakati kila mtu alikuwa ameshakula na kumsahau. Hilo Cephas alilisema tu akiwa amekunywa.

Huku mtoto hurithi jina la aliyekufa, na aliyekufa hivyo hapotei kabisa. Anayeshukiwa uchawi huachwa nje, jina lake halipewi mtoto. Mwanamke yule alilijua hilo. Kitandani, siku zake za mwisho, alimshika Cephas mkono akamwambia kwa Kijaluo, polepole: "Mtaninyima mtoto. Sawa. Nitajichagulia."

Cephas akatoa simu mfukoni. Akaitafuta ile picha, akaifuta.

Ikarudi.

Akaifuta tena. Akaingia hadi kwenye kapu la takataka la simu, akaifuta na huko.

Ikarudi. Na sasa ilijaa skrini nzima, si duara tena. Mwanamke alikuwa amesimama uwanjani. Nyuma yake lilionekana tangi la maji, la buluu, jipya.

"Mama Frankline," Cephas alinong'ona. "Hili tangi tulinunua lini?"

Leonida akatazama. Akaziba mdomo.

Tangi lilinunuliwa Krismasi iliyopita. Yule alikuwa amelala kaburini miaka na miaka.

Ndipo harufu ikaingia. Tumbaku kali, ya majani, ile iliyokunjwa kwa gazeti. Katika boma hilo hakuna anayevuta.

Cephas akaizima simu. Alikibana kitufe hadi ikawa nyeusi kabisa.

"Mama!" Mellen aliita kutoka kwake. "Mama, njoo! Huyu mtoto halii vizuri!"

Leonida alikimbia. Cephas alimfuata, lakini mlangoni akasimama kama aliyegonga ukuta. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Dunia ikiungua, ataita akiwa nje. Akasimama pale kwenye kivuli cha mabati, giza likishuka, akisikiliza.

Ndani, Leonida alifanya kile ambacho mama yake alifanya na bibi yake alifanya. Mtoto akilia bila ugonjwa, kuna aliyekufa anayebisha hodi. Unawaita majina, mmoja mmoja. Jina likimpata mwenyewe, mtoto hunyamaza.

"Ni wewe, Turphena? Ni wewe, Serfina? Mama yangu Yunia, ni wewe?"

Boke alizidi kulia.

"Mama, mnafanya nini?" Mellen alikuwa Mkuria, Kijaluo chake kilikuwa cha salamu na soko, hivyo kwa wakwe zake aliongea Kiswahili. Lakini majina hayahitaji kutafsiriwa. "Huyu ana jina. Anaitwa Boke. Ni jina la nyanya yangu, na Frankline alikubali."

"Nisaidie tu, mwanangu. Ni wewe, Penina? Ni wewe..."

Leonida akanyamaza. Alikuwa amemaliza wote. Wote isipokuwa mmoja.

Mfukoni mwa Cephas, simu iliyozimwa ikawaka.

Haikuanza kwa ile nembo yake na muziki wake. Iliwaka tu. Na ikaanza kuita. Juu ya skrini palikuwa na jina ambalo hakuwahi kuliandika, la mtu ambaye hakuwahi kushika simu maishani mwake.

*Mama Mkubwa.*

Hakubonyeza kitu. Ikajipokea.

Kwanza... sauti ya kuvuta. Fsssss. Kisha kimya. Kisha moshi ukitolewa.

"Cephas."

Mdomo wa Cephas una kasoro moja: akiogopa, unajiendesha wenyewe, kama honi iliyopigwa shoti. "Mama," alisema. "Hujambo? Naona huko mtandao unashika kuliko hapa kwetu Kisegi."

Fsssss.

"Nipe."

"Mama, nitakupa ng'ombe. Yule wa madoadoa. Kesho asubuhi namwita jina lako mbele ya watu."

"Ng'ombe mtachinja."

"Basi duka langu. Naliandika jina lako juu ya mlango, rangi nyekundu, herufi kubwa, mtu akiwa boti ya mbali analisoma..."

"Duka halinyonyi."

Ndani ya nyumba, Boke akanyamaza.

Hakupunguza kwanza. Alikatika tu, kama redio.

"Mama," Mellen alisema. "Mama, gusa shavu lake."

Nyayo zikasogea haraka.

"Uwi," Leonida alisema kwa sauti ndogo. "Ni moto. Ni moto kwa ndani."

Skrini ikabadilika. Viduara viwili. Swali lilelile. Lakini sasa katika duara la kulia, shavu la Boke nalo lilikuwa limeanza kuwaka, jekundu, likififia na kuwaka. Kitufe cha *Yuleyule* kilikuwa kimekua kikubwa kama kidole. Vile vingine viwili vilikuwa vimefifia hadi ukikosa kutazama vizuri huvioni.

Cephas alibonyeza *Tofauti*. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, akasugua kidole kwenye suruali, akabonyeza. Simu haikumtambua. Ilimtazama tu, ikisubiri.

"Baba Frankline!" Leonida alilia kutoka ndani. "Ni yeye, siyo? Mpe! Mpe tu! Jina ni kitu gani, si ni pumzi? Mtoto hapumui vizuri!"

Kidole cha Cephas kikaanza kushuka. Na kusema kweli, si woga peke yake uliokishusha. Aliukumbuka ule mkia wa samaki, chini ya bakuli, ukiwa bado una joto. Mwanamke aliyeishi akitupiwa makaburi ya watoto wa wenzake, akafa bila hata picha... Angempa. Mungu amsamehe, alikuwa karibu kabisa kumpa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Mellen alitoka na mtoto begani, kichwa wazi, miguu mitupu. "Baba, unaongea na nani?"

Cephas akainua simu amwonyeshe skrini.

Mellen akampokonya simu. Mke wa mwana kumpokonya baba mkwe kitu mkononi, hilo peke yake lingeitisha kikao cha ukoo. Hakujali. Aliiweka sikioni.

"Wewe nani?"

"Mwenye mtoto."

Simu ilivuma hadi Cephas akasikia kutoka pale aliposimama. Sauti ile ilikuwa imesema Kiswahili, tena kimenyooka. Mwanamke yule aliishi na kufa bila kujua Kiswahili, hata kile cha kuulizia bei ya chumvi. Ni nani amemfundisha, huko aliko?

"Mwenye mtoto ni mimi," alisema Mellen. "Akizaliwa nilikuwepo. Wewe sikukuona."

Fsssss. "Hawa wote walinikataa."

Mellen alimpandisha Boke juu zaidi begani. Mtoto alikuwa amelegea, shavu lake limeegemea shingo ya mama, na Cephas aliona ngozi ya shingo hiyo ikianza kuwa nyekundu. Mellen hakumwondoa.

"Hilo walikosa," alisema. "Nimesikia, na ni vibaya. Wadai wao. Huyu hajakukosea kitu, hata jina lako halijui."

"Nitamchukua."

"Jaribu."

"Sikutishi, msichana."

"Hata mimi sikutishi. Nakwambia tu. Kuja mwenyewe hapa nilipo umchukue mkononi mwangu. Mbona unapitia kwa simu ya mzee, kama tapeli?"

Mbwa wa jirani walikuwa hawabweki. Hata vyura wa upande wa ziwa walikuwa wamenyamaza. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyerudi kwao akakuta hakuna nyumba.

"Kama huyu si mimi... mimi ni nani, basi?"

"Wewe ni Dorsila," alisema Mellen.

Leonida, mlangoni, akajishika kichwa. Jina lile. Kwa sauti. Jioni. Mtoto akiwa mkononi.

"Dorsila, mke wa kwanza wa boma hili. Frankline aliniambia. Ulivuta moto ndani ya mdomo. Ulimwekea Baba samaki wengine wakimsahau. Si lazima uwe mtoto wangu ndiyo uwe mtu. Ulikuwa mtu, na umekufa. Enda ulale."

Akaitoa simu sikioni na kubonyeza *Tofauti* kwa ukucha, kwa nguvu, hadi kile kioo kipya cha Tony kikapasuka kutoka pembe hadi pembe.

Skrini ikawa nyeusi.

Boke akakohoa. Mara moja. Kutoka katika kile kinywa kidogo kisicho na jino, ukatoka uzi mwembamba wa moshi, ukapanda mbele ya uso wa Cephas, ukanukia tumbaku, ukapotea. Kisha mtoto akalia, kilio cha kawaida, kibaya, cha njaa. Mellen akakaa palepale kizingitini akamnyonyesha, akiwa amempa baba mkwe mgongo, na Cephas akageuka kutazama lango kwa heshima zote huku machozi yakimtiririka hadi shingoni.

Hakuna aliyelala boma lile. Asubuhi Cephas alikwenda kwenye kaburi ambalo nyasi zilikuwa zimelimeza, akalilima. Hakumwambia mtu kwa nini. Alipomaliza alisema "Dorsila," kwa sauti, akajisikia mjinga, akasema tena.

Siku ya soko walikwenda Rongo, yeye na Mellen na mtoto. Cephas hakutaka kuibeba simu ile mfukoni. Aliibeba ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki, kama nyoka. Shavu la Boke lilikuwa zima. Ndani yake tu, ukimfungua mdomo kwenye mwanga, palikuwa na alama ndogo ya mviringo. Daktari alisema ni kidonda cha kawaida cha watoto.

Tony aliigeuza simu huku na huku, akasikitikia kioo, akaifungua picha.

"Haikutoka kwa ile simu yako ya zamani, mzee. Angalia. Imepigwa na hii hii. Jumamosi jioni."

"Jumamosi jioni ilikuwa mezani inachaji," alisema Cephas. "Sisi tulikuwa kanisani, kwa mazoezi ya kwaya."

"Basi aliingia mtu."

"Ndiyo," alisema Cephas. "Aliingia mtu."

Tony alimtazama, akacheka kidogo, akaacha. Akagusa gusa skrini. Viduara viwili vikafunguka pale juu ya meza, kati ya chaja na vipokea sauti, na Cephas akarudi nyuma hadi akagonga rafu ya makava.

"Hii ni programu ya picha tu, inafananisha sura," alisema Tony. "Mtoto na nyanya wanafanana, inachanganyikiwa."

"Hawana damu moja," alisema Cephas. "Hata tone. Iondoe. Nipe simu nyingine, hata ile ya vibonyezo."

"Naweza. Lakini picha ziko kwa akaunti, siyo kwa simu. Frankline pia amezipata, na mama hapa amezipata. Na hii kitu ina tabia. Ukijibu tofauti, inatulia kidogo, halafu siku moja inauliza tena. Haichoki. Ukijibu yuleyule ndiyo inanyamaza kabisa." Akainua macho, kidole kikiwa kimening'inia juu ya skrini, kijana wa watu anayetaka kusaidia tu. "Niibonyezee, isiwasumbue?"

Mellen alikuwa akimfunga Boke mgongoni. Hakuinua kichwa. Alikaza fundo kwanza.

"Wacha iulize."